Mnazi Uliopanda Basi

Mkwezi alipoketi, goti lake liligonga nazi iliyochipua, iliyopakatwa na bibi aliyekaa dirishani. Miaka arobaini juu ya minazi, hajawahi kukwazwa na mnazi ulioketi.

"Shikamoo, bibi. Huyu mjukuu umemlipia nauli?"

"Marahaba, baba. Hasumbui abiria kama wengine."

"Lakini huu ni wa mbegu ndefu, miaka saba ndipo utazaa. Ungechukua mfupi, mitatu minne unakunywa dafu ukingali na meno."

"Meno yalishatangulia. Mfupi huwahi kuzaa na huwahi kufa. Nataka utakaosimama mpaka wapimaji warudi."

"Wapimaji gani tena?"

"Waliosema kiwanja changu cha kando ya ghala la chumvi ni pori, kwa kuwa hakina hata mnazi mmoja. Wiki moja kabla hawajaja, kampuni inayokitaka ilileta watu wa mashoka wakaing'oa minazi yote kumi na miwili, na visiki vyake."

Pori, eti. Wenye kalamu huona pori palipofyekwa na wenzao.

Mkwezi akaacha utani. Shoka alilokatia siku ile bado liko nyuma ya mlango wake. Aliambiwa mwenye kiwanja kauza, naye hakuuliza.

"Shimo umechimba la kina gani?" akasema.

"La goti."

"Dogo. Pale mchanga ni wa juu tu. Shuka mpaka udongo mweusi, mizizi ya ile ya zamani ilifika huko."

Bibi akamtazama mikono, si uso. "Pale umepajulia wapi, baba?"

Basi likasimama. Bibi akampakatisha mche, akainuka.

"Nibebee. Utanijibu njiani."