Mama Silaha Anaondoka na Sauti Yake

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuunda bunduki ambazo hazijamuua mtu hata mmoja, mbunifu mkuu wa silaha wa kampuni yetu anastaafu Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu. Wapo wanaounda za kweli, na hao hawastaafu. Huongezewa muda na kuvishwa nishani. Yeye atapewa saa ya ukutani.

Sisi tunamwita Mama Silaha. Mumewe, mwalimu wa hesabu, huwaambia majirani kwamba mkewe yuko kwenye mambo ya kompyuta, kisha huwahi kuuliza habari za watoto wao.

Hakuja kwa ajili ya silaha. Aliajiriwa kuchora mavazi, kwa kuwa alikuwa mshonaji aliyesomea uchoraji. Siku yake ya kwanza hapa, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, alionyeshwa shujaa wa mchezo wetu wa kompyuta, *Ulinzi wa Daraja*: jitu lenye mabega kama kabati na bunduki mgongoni. Akauliza bunduki ile imeshikiliwa na nini. Tukatazama. Mkanda ulipita begani vizuri kabisa, ila haukuwa umefungwa popote. Wanaume wazima walikuwa wamekaa na picha ile karibu mwaka mzima wakigombana kuhusu urefu wa mtutu. “Na huyu kaka akienda chooni,” akaendelea, “anaiweka wapi?” Mchana huohuo alihamishiwa kitengo cha silaha.

Msimamo wake ulikuwa kwamba silaha isiyomsumbua anayeibeba si silaha, ni tangazo la biashara. Bunduki zake hukwama zikiingia mchanga. Ile ya rashasha aliipa jina Shemeji, kwa sababu inamaliza kila kilichomo ghalani na ukiihitaji kweli haipo. Mzinga ni Mama Mkwe: unausikia kabla hujauona, na ukishafika, mpangilio wa nyumba unabadilika. Kwa kila silaha alishona mfuko, akaujaza mchanga wa uzito uleule, akamtuma mbunifu husika aupandishe kutoka kwa wauza matairi hadi kwetu. Aliyefika juu bila kuhema aliambiwa kazi yake haijaisha. Kuna wasomi waliotoka hapa na vyeti vizuri na maumivu ya kiuno.

Usimulizi aliupata kwa bahati. Tulikuwa tumemkodi mwanamume mwenye sauti nzito, akasimulia vita kama anayetangaza mpira. Siku aliyochelewa, fundi sauti alimwomba Mama Silaha asome mistari michache ili apime mitambo tu. Akasoma kwa ile sauti anayoitumia kwa wanawe wanapomdanganya. Chumba kizima kilikaa wima. Yule mwenye sauti nzito alipofika alilipwa nauli.

Tangu hapo, kila adui anapoanguka katika mchezo wetu, sauti ya Mama Silaha husema jambo moja kumhusu. Huyu alikuwa anamsubiri dobi. Huyu alikuwa anamfundisha binti yake baiskeli. Hasemi zaidi ya hapo, wala hahubiri. Wachezaji waliandika kulalamika kwamba wanakosa shabaha. Mmoja alieleza kwamba alifika darajani, akaweka chini kila kitu na kumpigia simu kaka yake waliyenuniana naye. Mkuu wetu wa masoko aliorodhesha hilo chini ya matatizo.

Ndipo likaja wazo la toleo jipya. Uongozi ulipanga kuchukua rekodi zake zote na kuilisha kompyuta, ili kila adui anapoanguka sauti hiyohiyo iseme: “Safi sana!” Tulielezwa kwamba wachezaji wa siku hizi wanahitaji kutiwa moyo. Maskini, inawawia vigumu kuua bila kupongezwa. Kilichokosekana ni ridhaa yake tu, nayo iliombwa kwa namna ya zawadi ya kumuaga: sauti yake ingeishi milele. Alijibu kwamba yeye aliomba kustaafu tu.

Mkurugenzi, kijana mwenye adabu ambaye tangu aajiriwe humwamkia kila asubuhi, alimfuata mezani kumbembeleza. Mama Silaha akamsikiliza hadi mwisho. “Sawa, mwanangu,” akamwambia. “Ingia wewe chumba cha kurekodia. Mtazame aliyeanguka, useme ‘Safi sana’. Ikitoka, chukua sauti yangu yote, na kikohozi chake.”

Mkurugenzi alivua koti, akaingia. Kwenye skrini Mama Silaha alimwekea mpishi wa jeshi la adui, mzee mnene aliyelala kifudifudi na mwiko bado mkononi. Mara ya kwanza Mkurugenzi alicheka. Mara ya pili alikohoa. Mara ya tatu alifika “Sa…”, akageukia kioo: “Samahani, tunaweza kumweka mwingine?”

Mpango ule haujatajwa tena. Mambo hapa hayafutwi, hufa kwa kutosemwa, na hili limekufa vizuri. Toleo jipya litatoka na mistari ya zamani ya Mama Silaha kama alivyoirekodi.

Fundi sauti, hata hivyo, hakuwa amezima mitambo. Kwa ruhusa ya Mkurugenzi mwenyewe, ambaye alicheka mpaka akatoa leso, toleo jipya lina afisa wa adui anayejificha nyuma ya askari wake. Kila mmoja wao anapoanguka, yeye husema: “Samahani, tunaweza kumweka mwingine?” Na siku mchezaji anapomfikia, Mama Silaha humsemea kwa upole, katika mstari wa mwisho aliourekodi hapa: huyu alikuwa na kikao saa nane.

Asante, mama, kwa uzito wote uliotubebesha. Ijumaa utashuka ngazi zile mikono mitupu, nasi tutasimama juu kukuangalia bila kukupigia mzinga wowote. Nenda salama, upumzike, umri wako uwe mrefu na wenye raha.

Huyu ana cherehani mpya. Ana wajukuu wawili watundu. Ana mume anayeweza sasa kuwaambia majirani ukweli. Na hajaanguka.