Gari Lisilo na Ambreyaji

— We Uledi, gari ikijibadilishia vitesi yenyewe, shofa anabaki na kazi gani?

Swali hilo la gia Amisi, aliyeitwa Redio kwa kutozimika, alilirusha kabla kahawa haijamiminwa. Ulikuwa mwaka wa sita wa Uhuru, na mbele ya benchi lao la Rumonge, kando ya ziwa, liliegeshwa gari la Kiamerika: jekundu, silinda nane, pua ndefu kama mtumbwi. Tajiri wa Bujumbura aliliazimisha kwa harusi ya Aruna. Uledi, shofa wa malori ya mawese, alipewa usukani kwa kuwa alitangaza hakuna gari asilolijua. Jana, njiani kwenda kufunga ndoa, gari lilisimama ghafla katikati ya msitu wa Kigwena. Kilemba cha Aruna, bwana harusi, kikaruka hadi kiooni. Likaondoka, likasimama tena. Wazee wakasema nuksi, wakarudi. Leo, wakitoka kuswali alasiri, wangeamua kama harusi ivunjwe.

— Nimechungulia ndani, alisema Abasi, aitwaye Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia dispensari. Ambreyaji ya kukanyaga ukibadilisha vitesi haiko! Pedali mbili tu. Nani anabadilisha vitesi?

— Mafuta, Uledi alijibu. Ile mafuta iko na akili.

— Subhanallah!

Wote watatu walilitazama kama watu wanaotazama mwezi ukiandama.

— Mie ningechagua ya mukono, Redio alisema. Mwanaume avute vitesi, kilima kimusikie!

— Wewe mwenye baiskeli ya kuazima? Daktari alimcheka.

— Nyamaza. Kama gari inafikiri, basi kule porini iliona kitu.

— Jini! Daktari alidakia. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Sasa wajenzi hapana, nani alijenga kizuizi?

— Ao ilikataa ndoa yenyewe. Akili yote ile, ishindwe kujua bibi harusi mubaya?

Kila nadharia ilimpunguzia Uledi mzigo. Alikoroga kahawa isiyo na sukari.

Lori kutoka Kigwena likamshusha Mama Chausiku, dada mkubwa wa mama yake Zuwena, bibi harusi.

— Amahoro, mama. Karibu kahawa.

— Amahoro. Sikuje kunywa. Mutoto wetu iko na hina mikononi, analia, watu wanamwita nuksi. Uledi, mwanangu, gari iliposimama, wewe ulikuwa unafanya nini?

Daktari alimwangalia Redio. Redio aliangalia ziwa. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

Ng'ambo ya barabara wazee walianza kutoka msikitini, wakivaa viatu. Uledi akapanda juu ya benchi, akapaza sauti.

— Wazee wangu, jini haiko! Nilitaka kubadilisha vitesi. Mguu wa kushoto ukatafuta ambreyaji kwa mazoea, ukakanyaga ile pedali pana kwa nguvu zote. Ilikuwa freni, ya kusimamisha gari. Mara ya pili vilevile. Zuwena hana nuksi. Gari nilisimamisha mimi, na nilikuwa siijui.