Mikono ya Mama Clotilde

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge na Kongo. Ndani ya bisi ya kwenda mujini, Mama Clotilde, mukandaji wa migongo, alimuona Tata Casimir, mufanyakazi wa reli, amekalia tako moja. "Tata, mugongo?" "Ee, mama. Kesho narudia kazi. Utaniponyesha leo?" "Hapana. Leo nitashika pole pole, kesho utaumwa zaidi, mara ya tatu utainama bila kulia. Miguu ikikufa ganzi, nakutuma kwa munganga wa hospitali." "Basi shi weye unajua nini?" "Niko najua kusema kweli!"

Bisi ikasimama kwenye kizuizi cha askari, wote wakaamriwa kushuka. Casimir akajishikiza kwenye bega la Clotilde, akasema: "Ni ya kushuka tu, hapana ya kutibiwa." Clotilde akamushusha pole pole. Kwa uzito wa mukono ule, alishajua ataanzia upande gani wa mugongo.