Risala ya Wafanyakazi Kumi na Mmoja kwa Mgeni Aliye Hewani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Tursunaly Mambetov, Mkuu wa Wilaya, ambaye hivi sasa uko hewani kwenye kiti cha saba cha kamba ya umeme ya kupandia mlima. Waheshimiwa wanane wa msafara mnaoning'inia nyuma yake:

UKARIBISHO
Karibuni Mlima Tash-Bulak. Risala hii ilipangwa isomwe hapa kituo cha juu, mkiwa mmeketi zuliani mbele ya maziwa ya farasi na mandazi ya moto. Umeme umekatika mkiwa mmebakiza hatua hamsini, na kwa kuwa mnatusikia vizuri, tumeona tusivuruge ratiba. Mheshimiwa, tafadhali usichezeshe miguu. Chini yako ni maua matupu, ila yako mbali.

HISTORIA
Viti hivi vilifungwa na mafundi wa mgodi wa makaa, miaka arobaini iliyopita. Mgodi ukafa, viti vikabaki. Bi Batma, mshika breki wetu, alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, na hajapata kumwangusha mtu. Ndiye yule wa kitambaa chekundu anayekupungia mkono.

MAFANIKIO
Majira ya baridi bonde zima huja kuteleza thelujini kwa mbao za miguuni. Bibi harusi mmoja aliteleza na shela lake. Kiangazi wageni hupanda kuja kuendesha farasi na kulala kwenye mahema ya sufu. Mwaka jana mchungaji alikataa kupanda bila kondoo wake. Kondoo alikatiwa tiketi ya mtoto.

CHANGAMOTO
Kuhusu umeme tuliandika kurasa mbili. Tunaziruka.

Changamoto ya pili ni barua yako ya mwezi uliopita, isemayo kumi na mmoja ni wengi mno, watano wanatosha, na Bi Batma akapumzike nyumbani. Ametuficha machozi yake tangu siku hiyo, nasi tumeumia sana.

Mheshimiwa, kamba hii ni mduara. Umeme ukikatika, sisi huketi kwenye viti vya upande wa kushuka, Bi Batma hulegeza breki, na uzito wetu huwapandisha wageni. Leo, kwa kuheshimu barua yako, wameketi watano.

Kama unavyoona, kamba haijasogea.

Tunasikia unasema kitu. Karani, andika. Mgeni rasmi anauliza, "Na hao waliosimama wanafanya nini?" Mheshimiwa, hao ndio waliozidi. Mgeni rasmi anasema, "Jamani, huu si wakati wa mzaha. Waketi wote!" Na Bi Batma je, aende nyumbani? Mgeni rasmi anasema, "Mama huyo asithubutu kuondoka hapo!"

MAOMBI
Tulikuwa na maombi mawili. Umeyajibu yote, mbele ya mashahidi wanane. Ahsante sana.

Wenzangu wanne wameshaketi. Sasa nami msomaji naketi, wa kumi. Bi Batma, legeza. Mheshimiwa, unapanda! Nasi tunashuka, tutapishana sasa hivi. Ukitaka kucheka, cheka tu, wenzako wameshaanza.

Juu utamkuta Bi Batma peke yake. Ameshika breki kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ile barua yako na kalamu.

Mungu akufikishe salama, akupe na mkono mwepesi wa kuandika.

Ni sisi, wafanyakazi wa Mlima Tash-Bulak, wote kumi na mmoja.