Msusi Aliyebadili Kivinjari

Treni ilikuwa haijashika kasi muuza simu mmoja, bado na fulana ya dukani kwao, alipochungulia simu ya msusi aliyeketi kando yake. Mimi nyuma yao nilikuwa nachungulia pia, kwa hiyo simlaumu.

"Dada, hicho kivinjari cha mtandao umekipata wapi? Kile kilichokuja na simu kinakujua. Hujamaliza hata kuandika, kishakuletea."

"Ndiyo maana nimekiacha kile," akasema msusi. "Hiki hakinifuatilii."

"Watu watadhani kuna jambo unaficha."

"Lipo."

Muuza simu akacheka. Msusi hakucheka. Akamweleza, kwa sauti ile ile, kwamba mwaka jana alikuwa mjamzito, akawa anatafuta mtandaoni majina ya watoto. Mimba ikaharibika. Waliojua ni mumewe na mama yake tu.

"Lakini simu ikaendelea kuniletea matangazo ya vitanda vya watoto, kaka. Nepi. Mpaka mwezi ambao ningejifungua, ikaniletea keki ya kunipongeza."



"Pole sana, dada. Ila zile ni mashine tu, hazikukusudia."

"Sijasema zilikusudia. Nimesema mambo yangu hazitayajua tena."

"Zitayajua tu. Huwezi kushindana nazo."

"Basi zihangaike kuyatafuta."

Treni ikasimama. Msusi akainuka. "Nipishe nishuke, kaka."

Akampisha, huku bado anamweleza kwamba zile mashine hazishindiki. Mwenzake alishashuka.