Mukubwa Iko Plastiki Tu

Mukae chini, watoto wangu, muache kuchungulia barabara. Wale wanaopita na magodoro kichwani wametoka Kingi kwenye vita, na hawatembei kwa raha. Guylain, wewe kifungua mimba wangu, sogea karibu. Solange, nipe maji kidogo niseme kabla kifua hakijanibana tena. Na wewe Camille, kitinda mimba wangu, toa mukono kwenye hiyo robo, huyo Mukubwa wenu wa plastiki, unisikilize. Maneno haya ni ya wote watatu, lakini yanakuangukia wewe zaidi, maana wewe njo unasema hakuna mutu wa kutoka hapa Mushaki wakati Mukubwa amesimama kwenye etajeri ya bidhaa.

Mukubwa nilimutafuta mimi, kwa hiyo munisikie mimi. Mulikuwa wadogo, nami nilikuwa natoka Butembo na kamio, lori la mizigo, nashusha sabuni na chumvi hapa dukani, halafu naendelea mpaka Walikale. Siku moja ndani ya balo ya mitumba, Goma, nikaona kamio nyekundu ya kuchezea, nikaipindapinda, kumbe inasimama inakuwa mutu! Nilicheka peke yangu sokoni kama mwenda wazimu. Mama yenu Kanyere, Mungu amuweke pema, njo aliona matundu mabegani akasema, "Papa Guylain, huyu anakosa mikono. Wenzake wa kumukamilisha wako mahali." Basi, wengine wanaenda Walikale kutafuta dhahabu, mimi natafuta mukono wa robo! Ndege niliipata Sake, nayo ukiipinda inakuwa mutu mudogo, ikawa mukono wa kuume. Vifaru viwili vya vita vikawa miguu. Mukono wa kushoto, ile helikopta, ulinitesa sana, mpaka kamio ilipokwama matopeni karibu na Walikale nikamukuta Mama Athanasie, muuza nyama ya kukausha, wajukuu wake wanaiburuta kwa kamba. Nikamupa sabuni, akakataa. Chumvi, akakataa. Alitaka nikae nikule naye, nimueleze huyo mutu akikamilika anafanana namna gani. Nikakaa. Nilipofika hapa tukawaunganisha wote watano, na Guylain ulilia kwa furaha, usibishe, ulilia.

Kisha ikaja siku ya watu wenye bunduki, ninyi muko chini ya kitanda. Walikuwa wamevunja kila duka la mustari huu. Wakaingia kwetu, komanda wao akainua macho, akaona mutu aliyejengwa kwa miili ya watu wengine. Akaniuliza, "Muzee, hii ni dawa ya nani?" Nikamujibu, "Ni kitu ya watoto kuchezea, kijana wangu. Plastiki." Akasema nisimudanganye. Nikachomoa mukono mumoja nimuoneshe, weee! Walikanyagana mulangoni, hawakuchukua hata kiberiti.

Toka siku hiyo sikupata amani. Majirani wakaleta mizigo yao walale nayo humu, eti Mukubwa atawalinda. Katekista akanisema kanisani mbele ya watu, eti nafuga sanamu. Mumuambie nimemusamehe, ingawa ilikuwa inaniuma kila Jumapili. Kila aliyeniuliza nilimuambia ukweli, na hakuna aliyeutaka. Sasa hata wewe, Camille, uliyekuwa ukimuosha miguu kwa muswaki, huamini ni plastiki! Wale wenye bunduki walikuwa vijana, walikuwa na macho, wakaona, wakaogopa. Kinachopanda barabara leo ni bombe. Bombe haimuoni Mukubwa, mwanangu. Itaanguka juu yake na juu yako vilevile.

Kwa hiyo mumubomoe, hapa mbele yangu. Camille, anza na helikopta. Lia, sikukatazi kulia, lakini vuta. Kama kuna nafasi kwenye mizigo, kila mutu akamate kipande. Kama hakuna, chupa ya maji ni bora, mimi niliyemutafuta miaka yote njo nasema hivyo. Ngombe walioko Nyamitaba kwa Papa Nishimwe ni wa Guylain. Duka hili na parsele, kiwanja chote, ni vya Solange, kama vitabaki. Guylain, ile hasira yako na dada yako uimalize leo, ubebe mutoto wake mugongoni, ndipo nitajua imekwisha. Camille sina cha kumupa, atakaa kwenu ninyi wawili, na asipokula, musikule.

Eh... ngoja. Maji. Asante, Solange mama yangu.

Sasa nisikieni vizuri. Najua si Mukubwa peke yake anayewafunga hapa. Ni mimi. Munasema moyoni, baba hawezi kutembea, tutamuachaje, watu watasema tulimukimbia hatukumuzika. Waseme! Ninawakataza kuningojea nife. Mama Godelieve wa nyumba ya pili amekataa kukimbia kwa sababu ya miguu yake. Yeye atanifunga macho. Matanga muyafanye kule mutakakofika, hata ndani ya hema, hata siku moja tu. Mupite njia za milimani, musipite barabara kubwa. Musitengane. Naogopa, watoto wangu, sitawaficha, naogopa kubaki peke yangu. Lakini nikiwaona muko hapa saa bombe inalia, hiyo njo nitaogopa zaidi.

Mukuje niwabariki. Guylain... Mungu akufungulie njia. Solange, uzae tena, ucheke tena. Camille... mukono wangu haupandi. Ukamate wewe mwenyewe, upitishe musalaba kwenye paji lako la uso. Hivyo. Mungu Baba... na Mwana... umalize wewe, pumzi inakatika.

Simama, Camille. Hapana, usirudi kunilalia kifuani, enda, mama, wenzako wako inje. Enda sasa, ningali nasema nawe. Ukitoka saa hii, utakuwa umeacha baba muzima nyumbani.