Mtaa Wetu Unaitwaje

Treni ya jioni ilijikokota. Mbele yangu, fundi bomba alimwambia mama mshonaji aliyekaa naye kwamba anaishi gheto, ule mtaa wa mabanda nyuma ya soko.

"Hata mimi naishi huko, kaka, na si gheto," mama alisema. "Waliokuja kumposa binti yangu walilitaja neno hilo hilo, wakaghairi."

"Pole, dada. Lakini maji taka yanapita mlangoni kwangu, na kipindupindu kilimchukua mdogo wangu. Niuite bustani?"

"Uite mtaa."

"Tukiupamba, nani atakuja kuzibua mitaro?"

"Na tukiutukana, nani atakuja kuoa?"

Fundi alifumba macho. Mimi ninaishi huko pia. Treni ikasimama.

"Amka, kaka," mama alisema kwa uchovu. "Tumefika nyumbani."